Nani Huendesha Makumbusho ya Usanifu Majengo na Ubunifu? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unawahusu watu: anayeamua, anayeweka sahihi, anayeshika funguo za ghala na anayeulizwa jambo likiharibika. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwa jingine.

## Misingi

1. Kazi ya makumbusho haya inatofautianaje na ya makumbusho ya sanaa?

Makumbusho ya sanaa huwa na kitu chenyewe: mchoro wa rangi ule ule msanii aliougusa. Makumbusho ya usanifu majengo huwa na alama tu za kitu kilichoko kwingine, au kilichokwishabomolewa, au ambacho hakikujengwa kamwe. Kinachotunzwa ni michoro, modeli, picha, barua za mteja, mikataba, sampuli za vifaa na mafaili ya kompyuta. Upande wa ubunifu una tatizo la kinyume. Kitu chenyewe kipo, lakini vipo vingine milioni kama hicho: kiti, taa, simu, chupa ya sabuni.

Tofauti hiyo ndiyo inayopanga ajira. Upande wa majengo unahitaji watu wa nyaraka kuliko watu wa vitu, kwa sababu mradi mmoja huweza kuwa na mamia ya karatasi. Upande wa ubunifu unahitaji mhifadhi anayejua plastiki. Makumbusho yanayounganisha pande zote mbili bila kuajiri kwa pande zote mbili hujikuta yanatunza vizuri kimoja na kuozesha kingine.

2. Mkuu ni nani, mkurugenzi au bodi?

Bodi ya wadhamini ndiyo mwenye mali kisheria, au mwakilishi wa mwenye mali ikiwa makumbusho ni ya serikali au chuo. Kazi zake ni nne: kumwajiri na kumwachisha kazi mkurugenzi, kupitisha bajeti, kupitisha sera (hasa sera ya kukusanya na kuondoa vitu), na kuhakikisha sheria inafuatwa. Mkurugenzi huendesha kila kilichobaki.

Mgogoro hutokea mjumbe wa bodi anapoanza kumpigia simu msimamizi wa mkusanyo moja kwa moja kumwambia aonyeshe nini. Kwenye makumbusho haya hatari hiyo ni kubwa, maana wajumbe wengi huwa wasanifu majengo wenye ofisi zao. Tazama swali la 20.

Mamlaka ya bodi yenyewe huweza kufungwa na hati ya mwanzilishi. Sir John Soane alipitisha sheria ya Bunge la Uingereza mwaka 1833 ili nyumba yake ya London ibaki makumbusho, na mpangilio wake usiguswe kadiri inavyowezekana. Alifariki 1837. Tangu hapo wadhamini wote wamefanya kazi ndani ya mipaka aliyoiweka marehemu.

3. Nani anafanya nini?

Majina ya vyeo hubadilika, kazi hazibadiliki sana.

*Msimamizi wa mkusanyo* huchagua kinachoingia, hukitafiti, na huandaa maudhui ya maonyesho. Ndiye anayejulikana na waandishi wa habari. *Msajili* hushika karatasi za kila kitu: kimetoka wapi, ni cha nani, kiko rafu gani, kimeazimwa na nani, bima yake inaisha lini. *Mtunza nyaraka* hupanga na kuorodhesha hazina za nyaraka za ofisi za usanifu. *Mhifadhi* huzuia uharibifu na kutibu uliokwishatokea. *Msanifu wa maonyesho* hupanga ukumbi, na *fundi maonyesho* hutundika, hubeba, hutengeneza vishikizo. *Mwelimishaji* huandaa ziara, warsha na vifaa vya shule. Kuna pia wa machapisho, wa kutafuta fedha, wa mawasiliano, wa jengo na mitambo, walinzi, na wahudumu wa wageni.

Ukituuliza ni nani asipokuwepo makumbusho husimama, tutajibu msajili. Onyesho bila msimamizi mzuri litakuwa onyesho baya. Mkusanyo bila msajili, baada ya miaka kumi, ni stoo tu.

4. Je, lazima niwe msanifu majengo ili niongoze makumbusho kama haya?

La. Philip Johnson alipowekwa kuongoza idara mpya ya usanifu majengo ya Museum of Modern Art, New York, mwaka 1932, hakuwa msanifu. Shahada yake ya usanifu aliipata 1943. Heinrich Klotz, aliyeanzisha makumbusho ya usanifu majengo ya Frankfurt, alikuwa mwanahistoria wa sanaa. Kwa upande mwingine Phyllis Lambert, aliyeanzisha Canadian Centre for Architecture mjini Montreal mwaka 1979, ni msanifu majengo.

Kinachohitajika ni uwezo wa kusoma mchoro: kutofautisha ramani ya sakafu, mkato na mwonekano wa mbele, kujua skeli ya 1:50 inaonyesha nini ambacho 1:500 haiwezi, na kutambua kama karatasi uliyoshika ni wazo la mwanzo, mchoro wa kumridhisha mteja au mchoro wa kujengea. Asiyejua hayo ataorodhesha kila kitu kama "mchoro wa jengo", na mtafiti hatapata kitu.

5. Sisi tuko wanne tu. Tugawane vipi?

Kazi zinaweza kuunganishwa. Msimamizi anaweza kuwa pia mwelimishaji, na fundi anaweza kusimamia jengo. Uhifadhi wa kutibu unaweza kununuliwa kwa siku kutoka nje. Lakini msimuunganishe anayependekeza kitu kinunuliwe na anayekiandika kwenye daftari, wala anayeshika funguo za ghala na anayehesabu vilivyomo ghalani. Tenganisheni hayo hata kama mhesabuji ni mhasibu anayekuja mara moja kwa mwaka na orodha ya vitu hamsini vilivyochaguliwa bila mpangilio. Nusu avitafute kutoka daftarini kwenda rafuni, na nusu kutoka rafuni kwenda daftarini. Njia ya pili ndiyo hufichua vitu visivyosajiliwa.

## Kinachoingia na kinachotoka

6. Nani anaamua kitu kiingie kwenye mkusanyo?

Hakuna mtu mmoja. Msimamizi huandika pendekezo la ukurasa mmoja au miwili: kitu ni nini, kwa nini hapa, kinafanana na nini tulichonacho, hali yake, nafasi kitakayochukua, gharama ya kukitunza, na historia ya umiliki. Mhifadhi na msajili huandika maoni yao. Kamati ya ukusanyaji hujadili, na juu ya kiwango fulani cha thamani bodi hupitisha. Baada ya sahihi ndipo msajili hutoa namba, kwa kawaida mwaka, kundi na kitu: 2024.15.3 ni kitu cha tatu katika kundi la kumi na tano la mwaka 2024.

Kipengele kinachorukwa mara nyingi ni gharama ya kutunza. Modeli ya mita mbili iliyotolewa bure si ya bure. Itataka sanduku, rafu, nafasi na saa za mhifadhi kwa miaka yote ijayo.

Vitu visivyoshikika navyo huingia. Museum of Modern Art iliingiza alama ya @ kwenye mkusanyo wake mwaka 2010 na kundi la michezo 14 ya video mwaka 2012. Katika hali kama hizo kamati hujiuliza maswali yale yale, ila "nafasi" hugeuka kuwa msimbo, leseni na mashine ya kuuendeshea.

7. Marehemu alikuwa msanifu majengo na ameacha michoro mingi. Nifanye nini kabla ya kuwaandikia?

Kwanza, usifanye usafi. Usinyooshe kilichokunjwa, usitoe michoro kwenye mirija, usibandike selotepu palipochanika, usiipange upya kwa unavyoona inapendeza. Mpangilio alioacha mwenyewe ni ushahidi: faili lililokaa pamoja na barua fulani huonyesha uamuzi ulifikiwaje.

Halafu fanya haya kwa utaratibu. Piga picha za chumba kilivyo, kabati kwa kabati. Hesabu mirija, droo, maboksi na modeli; pima urefu wa rafu kwa mita. Andika orodha ya miradi kwa jina, mahali na mwaka kama unajulikana. Tafuta kompyuta, diski na simu za ofisi, na usizifute wala kuziwasha mara kwa mara. Ukiona ukungu au mavi ya wadudu, tenga boksi hilo na uandike waziwazi. Kuficha kutaponza mkusanyo mzima wa makumbusho (tazama swali la 14). Mwisho, kubaliana na warithi wenzako kwa maandishi nani ana mamlaka ya kukabidhi.

Barua mwandikie msimamizi wa mkusanyo, si mkurugenzi. Ukurasa mmoja na picha kumi zinatosha. Usilete chochote mlangoni bila miadi. Kitu kilichoachwa mapokezi bila hati humweka msajili pabaya: hawezi kukisajili, hawezi kukitupa, na hajui amrudishie nani.

8. Mlichukua mirija 40 kati ya 300. Kwa nini msichukue yote?

Kwa sababu nakala za mchoro ule ule ziligawiwa kwa mhandisi, mkandarasi, mteja na halmashauri, kisha zikarudi ofisini. Mtunza nyaraka huchuja. Hubakiza michoro ya mwanzo ya mkono, seti moja kamili ya michoro ya kujengea, michoro iliyosahihishwa kwa kalamu, mawasiliano na mteja, picha za ujenzi, na miradi iliyoshindwa kwenye mashindano, ambayo mara nyingi ndiyo ina mawazo yaliyokomaa baadaye. Huacha nakala zisizo na alama, orodha za milango zilizojirudia na katalogi za viwandani zinazopatikana kwingine.

Kuna hoja dhidi ya uchujaji huu, nayo ni nzito: kinachoonekana takataka leo ndicho mtafiti wa kesho atakitafuta, kwa mfano hesabu za asbesto au majina ya vibarua. Ndiyo maana mtunza nyaraka mzuri huandika alichotupa na sababu yake.

9. Mkishapewa michoro, haki zote ni zenu?

Hapana. Karatasi ni kitu kimoja na hakimiliki ni kingine. Hati ya zawadi huhamisha umiliki wa karatasi. Hakimiliki hubaki kwa msanifu, ofisi yake au warithi mpaka ihamishwe kwa maandishi yake yenyewe. Mkataba wa Berne unaweka kiwango cha chini cha uhai wa mwandishi pamoja na miaka 50, na nchi nyingi zimekwenda hadi 70. Picha za jengo zina hakimiliki ya mpiga picha, ambaye mara nyingi si wa ofisi hiyo.

Kwa hiyo hati iwe na vifungu viwili tofauti, na cha pili kitaje: kuchapisha, kuweka mtandaoni, kutengeneza modeli mpya kutokana na michoro, na kuuza nakala dukani. Kifungu cha modeli husahaulika, kisha msanifu wa maonyesho anagundua wiki tatu kabla ya ufunguzi kwamba hana ruhusa. Zingatieni pia usalama: michoro ya magereza, benki na nyumba za watu walio hai haiwekwi mtandaoni bila kuulizana.

10. Makumbusho yanaweza kuuza kitu yalichopewa?

Yanaweza kukiondoa, kwa masharti. Kanuni za maadili za ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho lililoundwa 1946, zinataka uamuzi ufanywe kwa kuelewa vizuri umuhimu wa kitu, hali yake kisheria na imani ya umma itakayopotea. Na fedha zitumike kwa ajili ya mkusanyo tu, si mishahara wala paa. Kwanza huangaliwa kama makumbusho mengine yanakihitaji. Wafanyakazi, wajumbe wa bodi na jamaa zao hawaruhusiwi kukinunua.

Katika ubunifu uondoaji ni wa kawaida zaidi, kwa kuwa viti viwili vya aina moja vinaweza kupatikana kimoja kikiwa kizima kuliko kingine. Lakini cha pili huweza kuwa toleo la mwaka tofauti, chenye skrubu tofauti. Geuza kiti juu chini kabla ya kukiita nakala.

11. Mafaili ya kompyuta yanatunzwaje, na ni kazi ya nani?

Hapa ndipo makumbusho mengi yana pengo. Tangu miaka ya 1990 ofisi nyingi huchora kwa kompyuta, na hakuna mrija wa kuonyesha. Canadian Centre for Architecture ilianza kulishughulikia suala hili hadharani kwa mradi wake wa akiolojia ya kidijitali uliozinduliwa 2013.

Hatua za mtunza nyaraka wa kidijitali: nakili diski nzima kwa kifaa kinachozuia kuandika juu yake, tengeneza alama ya uhakiki ya kila faili ili mabadiliko yaonekane, hifadhi faili la asili bila kuligusa, kisha tengeneza nakala ya muundo ulio wazi, kama PDF/A na TIFF kwa michoro, IFC au STEP kwa modeli za pande tatu. Nakala ziwe tatu, kwenye aina mbili za vyombo, moja ikiwa nje ya jengo.

Kinachoharibika zaidi ni viungo. Faili la mchoro huita mafaili mengine ya fonti, picha na michoro ya msingi; ukilihamisha peke yake hufunguka likiwa na matundu. Chukua folda nzima, na uandike jina na toleo la programu iliyotumika. Msanifu akiwa bado hai, mrekodi akifungua faili lake mwenyewe na kueleza. Saa moja ya kurekodi huokoa miezi ya kubahatisha.

## Ghala na uhifadhi

12. Kwa nini ukumbi una giza hivi?

Mhifadhi ndiye aliyezima taa, na ana hesabu. Michoro ya karatasi, rangi za maji na wino huonyeshwa kwa lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu). Kwa saa 8 kwa siku na siku 90, hiyo ni saa za lux 36,000. Ukiwasha lux 200, kiwango hicho kinaisha kwa siku 22 na nusu. Deni la mwanga halilipiki, kilichofifia hakirudi. Baada ya onyesho la miezi mitatu, mchoro nyeti huenda kupumzika gizani miaka kadhaa.

Mgeni hulalamika zaidi anapotoka juani na kuingia moja kwa moja ukumbini. Dawa si kuongeza mwanga bali kupunguza taratibu: varanda, kisha chumba cha modeli chenye mwanga wa wastani, kisha michoro. Hilo ni suala la msanifu wa maonyesho, na linafaa kuamuliwa kabla kuta hazijajengwa.

13. Nani anaruhusiwa kugusa, na kwa nini hawavai glovu nyeupe?

Wanaogusa ni mhifadhi, msajili, mafundi waliofunzwa, na mtafiti chini ya uangalizi. Kwa michoro ya karatasi mikono iliyooshwa na kukaushwa ni bora kuliko glovu za pamba, ambazo hupunguza hisia za vidole na kunasa kingo zilizochanika. Kwa picha, metali, plastiki na modeli zilizopakwa rangi ya kung'aa tumia glovu za nitrili. Karatasi kubwa hubebwa na watu wawili juu ya ubao. Kalamu ya wino haiingii chumba cha kusomea, penseli tu.

14. Vitu gani huwasumbua wahifadhi zaidi?

*Bluprinti* halisi, zile za buluu zenye mistari myeupe. Hufifia kwa mwanga na huharibiwa na alkali. Bahasha "isiyo na asidi" iliyotiwa kinga ya alkali, ambayo ni nzuri kwa karatasi nyingine, huzidhuru hizi. Zitafutiwe bahasha zisizo na asidi wala alkali, yaani zisizotiwa kinga.

*Nakala za diazo*, zenye mistari ya zambarau, buluu au kahawia. Hutoa mvuke wa kemikali unaogeuza karatasi za jirani kuwa za manjano. Zitenge na kila kitu, hasa na bluprinti.

*Karatasi ya tresi*, ile inayopitisha mwanga ya kunakilia michoro, hunywa unyevu na kujikunja mara moja. Za zamani zilizotiwa mafuta au utomvu huvunjika kama jani kavu. *Kitambaa cha kuchorea* kilichopakwa wanga huachwa doa na tone moja la maji, kwa hiyo kisifutwe kwa kitambaa chenye unyevu.

*Filamu za asetati* zikinuka siki zimeanza kuoza, na mvuke wake huharakisha uozo wa nyingine. Zitoe, zipelekwe kwenye baridi.

*Modeli* ni mchanganyiko wa vitu visivyopatana: mbao, povu, gundi, plastiki, moss iliyokaushwa. Gundi hukauka kabla ya kila kitu, na miti midogo huanguka. Piga picha pande zote sita siku modeli inapoingia. Kila kipande kilichoanguka kiwekwe kwenye mfuko wenye namba ya kitu, hata kama ni mti wa milimita tano.

*Plastiki* ndiyo huwakosesha usingizi wenye viti. Povu la poliurethani hugeuka unga, plastiki ya PVC hutoa kilainishi chake na kunata. Hakuna tiba, kuna kupunguza kasi tu kwa baridi, giza na hewa inayopita.

Wadudu wakigunduliwa, kitu hufungwa kwenye plastiki na kugandishwa kwa −20°C kwa wiki mbili, kisha hubaki kimefungwa saa 24 baada ya kutoka ili umande usitue juu yake. Modeli zenye gundi nyingi na plastiki hazigandishwi. Hizo hufungiwa mahali palipoondolewa oksijeni.

15. Mafuriko yametokea ghalani. Nani anaamua nini kwanza?

Mtu mmoja, aliyetajwa kwa jina kwenye mpango wa dharura pamoja na msaidizi wake. Kwanza usalama wa watu na umeme. Halafu vitu vya kipaumbele, vilivyokwishawekewa alama kwenye rafu. Ukungu huweza kuanza ndani ya saa 48, kwa hiyo michoro iliyolowa ambayo haiwezi kukaushwa siku hiyo hugandishwa. Mirija iliyolowa isifunuliwe, ibebwe ilivyo. Karatasi zilizogandamana zisitenganishwe kwa mkono. Mrundikano wa karatasi zilizolowa ni mzito mno, na sakafu na migongo imevunjika kwa kusahau hilo.

## Maonyesho

16. Onyesho moja huchukua muda gani, na nani anaingia lini?

Onyesho la kukopa vitu nje huhitaji miezi 18 hadi 36. Msimamizi huanza peke yake na wazo na orodha. Takriban mwaka mmoja kabla ya kufungua, msajili hutuma maombi ya kuazima. Msanifu wa maonyesho huanza mpango. Mhifadhi hukagua vitu vya ndani. Miezi sita kabla, orodha ya vitu hufungwa. Miezi mitatu kabla, maandishi hukamilika ili yatafsiriwe na kusahihishwa. Wiki mbili hadi nne za mwisho ni za mafundi.

Kinachovunja ratiba karibu kila mara ni orodha isiyofungwa. Kitu kimoja kikiongezwa mwezi wa mwisho huvuta bima, sanduku, lebo, kishikizo, taa na ukurasa wa katalogi. Mkurugenzi ndiye pekee anayepaswa kuweza kufungua orodha hiyo, na afanye hivyo kwa maandishi.

17. Mnaonyeshaje jengo lisiloingia mlangoni?

Njia ni nyingi na kila moja hudanganya kidogo. Modeli humfanya mgeni aone jengo kama ndege anavyoliona. Picha huondoa sauti na upepo. Michoro haisomeki na watu wengi. Filamu humpangia mtu mahali pa kutazama. Msimamizi mzuri huchanganya, na huweka kila mara umbo la mtu ndani ya modeli ili ukubwa ueleweke.

Njia nyingine ni kuleta kipande. Jiko la Frankfurt alilobuni Margarete Schütte-Lihotzky mwaka 1926 liko kwenye makumbusho kadhaa kwa sababu lilijengwa kwa maelfu na linaingia ukumbini zima. V&A, makumbusho ya sanaa na ubunifu ya London, ilichukua mwaka 2017 kipande cha ghorofa tatu cha Robin Hood Gardens, jengo la makazi lililokuwa likibomolewa. Uamuzi huo ulizua ubishi: makumbusho yanaokoa, au yanapamba ubomoaji? Swali ni la haki. Au jengo zima: mwaka 1949 Museum of Modern Art ilijenga nyumba ya Marcel Breuer bustanini, wageni wakaingia na kutembea vyumbani.

18. Tunataka kuazima michoro kutoka makumbusho mengine. Hatua ni zipi?

Barua ya mkurugenzi kwa mkurugenzi, angalau miezi 6 kabla. Kwa kuvuka mipaka panga 12. Ambatisha ripoti ya jengo lenu: joto, unyevunyevu kwa rekodi halisi za mwaka mzima, taa, ulinzi, moto, upana wa milango na lifti. Rekodi hizo ndizo husomwa kwanza. Mkataba utataja bima ya ukutani hadi ukutani, yaani tangu kitu kinaposhushwa kwao hadi kinaporudi pale pale.

Sanduku likifika lisifunguliwe kwa saa 24 ili lizoee hewa ya ndani. Msajili na mwakilishi wa mkopeshaji hulinganisha hali ya kitu na ripoti ya picha, wote wawili huweka sahihi. Kosa la kawaida ni kupiga picha kwa mwanga wa mbele tu. Mikunjo na mipasuko huonekana kwa mwanga wa ubavuni.

19. Kwa nini sikai kwenye kiti kilichobuniwa kikaliwe?

Kwa sababu kiti kilichosajiliwa kimeacha kazi yake ya awali. Lakini malalamiko yako yana msingi: kiti kisichokaliwa kinaeleweka nusu. Suluhisho ni toleo linaloendelea kutengenezwa, likinunuliwa kutoka bajeti ya elimu bila kusajiliwa, na kuwekwa kando ya lile la asili. Liandikwe wazi "kaa hapa". Bila maneno hayo wageni hugusa vyote viwili au wasiguse kimoja.

## Fedha, maadili na ajira

20. Mjumbe wa bodi ni msanifu maarufu. Anaweza kuonyeshwa kazi zake?

Akiwa bado kwenye bodi, jibu salama ni hapana. Onyesho huongeza sifa, na sifa huleta kazi. Ikiwa haiepukiki, kwa mfano katika onyesho la historia ya jiji zima, atoke kwenye kikao, kumbukumbu za kikao ziseme alitoka, na uchaguzi ufanywe na msimamizi asiye chini yake.

Kanuni hiyo hiyo humhusu mfadhili. Kampuni ya saruji au samani inaweza kulipia onyesho; haiwezi kuchagua vitu, kusoma lebo kabla ya kuchapwa ili kuzirekebisha, wala kudai bidhaa zake ziwemo. Andika hayo kwenye mkataba wa ufadhili, si kwenye barua ya shukrani.

Wafanyakazi nao hawatakiwi kushindana na makumbusho yao katika kununua. Msimamizi anayekusanya taa nyumbani atangaze mkusanyo wake siku anapoajiriwa, na makumbusho yawe na nafasi ya kwanza anapokuta taa sokoni.

21. Nitaingiaje kwenye kazi hii?

Wengi huingia kwa kuorodhesha. Jitolee kwenye hazina ya nyaraka, hata ya halmashauri au ofisi ya usanifu, na ujifunze kueleza mchoro mmoja kwa sentensi tatu: mradi, aina ya mchoro na skeli, nyenzo na vipimo. Vipimo huandikwa urefu wa wima kwanza, kisha upana, kwa milimita. Mwombaji mwenye orodha sahihi ya michoro 200 hupita mwenye insha nzuri.

Fundi maonyesho huhitaji useremala, usomaji wa michoro na subira. Mhifadhi huhitaji kemia na mafunzo rasmi, wala hakuna njia ya mkato hapo. Kwa wasimamizi, makumbusho ya fani hii yana shirikisho lao, ICAM, lililoanzishwa Helsinki mwaka 1979.

22. Kama nina swali la mchoro mmoja tu, nimwone nani?

Mtunza nyaraka, kwa miadi. Mletee jina la mradi, mahali, na mwaka wa kukadiria. Usimletee jina la msanifu peke yake, kwa sababu ofisi kubwa huwa na miradi mamia na mchoro huweza kuwa umesajiliwa kwa jina la mteja. Asipoupata, mwombe aangalie faili la mradi jirani wa miaka hiyo hiyo. Michoro hurudishwa kwenye mrija usio wake mara nyingi kuliko inavyokubalika.